Kwa Kinga Mpaka Kanaba

Wenzangu wengi wameniuliza kuhusu ile safari yangu ya Julai 2024, na kila mara najibu kwa kifupi tu: "Nilienda Kisoro na kinga, nikarudi." Wanacheka, wanafikiri ni utani. Leo naieleza yote, maana kuna sehemu ambayo sijawahi kumwambia mtu isipokuwa mama.

Kwanza neno lenyewe. Kwetu Kongo tunasema kinga. Hapa Uganda ni gali, ndugu zetu Wanyarwanda wanasema igare, Tanzania ni baiskeli. Kinga yangu ni ile nyeusi ya kawaida: chuma kizito, gia moja, breki za vyuma, karia kubwa nyuma. Kila siku inabeba madumu ya maji, mihogo, mkaa, na wakati mwingine mgonjwa wa kwenda zahanati. Haikutengenezwa kwa ajili ya kutalii milimani. Lakini ndiyo niliyo nayo.

Sisi ni watu wa Jomba, Rutshuru, chini ya mlima Sabinyo. Tulivuka mpaka Bunagana mwaka 2008, mimi nikiwa na miaka minane. Baba hakuvuka nasi. Tangu hapo tuko Nakivale, kambi iliyofunguliwa 1958, na leo ina watu zaidi ya 100,000. Tulikuwa tunaishi, si vibaya sana. Halafu mwaka 2023 chakula cha msaada kikagawanywa kwa makundi, na nyumba yetu ikawekwa kwenye kundi la wanaoweza kujitegemea. Maana yake kwetu ilikuwa sifuri. Mama ana mgongo mbovu, mdogo wangu yuko shule, mwenye nguvu ni mimi na kinga.

Hapo mama akaanza: "Heri njaa ya kwetu." Mwanzoni ilikuwa maneno ya jioni tu. Baadaye akaanza kukunja nguo. Jirani mmoja alikuwa amesharudi Kongo na watoto wake wote, na kila mtu alikuwa na habari tofauti kwenye simu: huyu anasema kumetulia, yule anasema jana risasi zimelia. Tangu Juni 2022 Bunagana ilikuwa mikononi mwa M23. Mama akasema, "Simu zinadanganya. Mtu aende Kisoro awaulize wanaotoka huko kwa mdomo wao." Nikahesabu nauli ya kwenda na kurudi, nikaona ni pesa ya daftari na sabuni ya miezi miwili. Nikamwambia nitaenda na kinga. Mama alicheka. Alipotoka nje akanikuta najaza upepo tairi, akaacha kucheka.

Nilikuwa na sababu ya pili ambayo sikumwambia. Ile barabara nilishaipita 2008 lakini siijui. Walitupakia kwenye gari kutoka kituo cha mapokezi cha Nyakabande, karibu na Kisoro, tukaletwa mpaka huku. Ninachokumbuka ni vumbi, mfuko wa kutapikia, na kitenge cha mama usoni kwangu. Sikujua kama tumepita ziwa wala msitu. Nilifunguliwa macho Nakivale nikaambiwa hapa ndipo. Nilitaka kuiona njia hiyo kwa macho yangu, nikienda kwa kasi yangu mwenyewe, nisimame ninapotaka.

Kwa wale mtakaouliza maandalizi, yalikuwa haya. Tairi la nyuma jipya. Tyubu mbili za akiba, viraka, gundi, pampu, spana moja na kipande cha waya. Blanketi, koti la plastiki, dumu la maji la lita tatu. Karanga za kukaanga na unga wa uji. Shilingi 45,000 ndani ya soksi. Kadi ya mkimbizi na barua ya ruhusa ya kutembea. Sheria ya wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inatambua haki yetu ya kutembea ndani ya nchi, ila barua mkononi inafupisha mazungumzo barabarani.

Siku ya kwanza ni kutoka kambini hadi Mbarara, kama kilomita 60. Vumbi, migomba, ng'ombe wa pembe ndefu wakivuka bila haraka. Hiyo ilikuwa rahisi, nimeshaizoea. Nililala kwa rafiki anayesoma pale mjini.

Siku ya pili, Mbarara hadi Ntungamo. Lami nzuri, lakini ni barabara ya malori makubwa yanayokwenda Katuna na Rwanda. Nilijifunza kitu kimoja haraka: ukisikia lori nyuma na unaona lingine mbele, toka kwenye lami kabisa, simama kwenye majani, wapite. Usishindane. Kwenye kizuizi kimoja askari alisoma barua yangu, akaitazama kinga, akanitazama mimi. "Mkimbizi na gali? Unakimbia tena?" Nikamjibu, "Afande, safari hii natembea tu." Akacheka, akanirudishia barua, akaniuliza kama nina maji ya kutosha.

Siku ya tatu ndipo vilima vilipoanza kuongea. Kutoka Ntungamo unapita Rubaare, unapita Muhanga, halafu kila ukifikiri umefika juu unakuta juu nyingine. Kwa gia moja hakuna ujanja, unashuka unasukuma. Nilifika Kabale usiku, natetemeka. Sisi wa Nakivale tunaishi mita kama 1,200 hivi juu ya bahari, Kabale ni karibu 2,000, na mwili unaisikia tofauti hiyo. Mlinzi wa kanisa moja aliniruhusu kulala kwenye baraza baada ya kunipigia picha kadi yangu. Asubuhi mama mmoja akaniuzia bushera, ule uji wa mtama wa Wakiga. Kikombe kimoja na tumbo linakaa kimya mpaka saa sita.

Sasa siku ya nne. Ukitoka Kabale kwenda Kisoro barabara inapanda mlima moja kwa moja. Nilisukuma karibu saa mbili. Watoto wa shule walinipita kwa miguu wakanisalimia kwa heshima, kama vile wanamsalimia mgonjwa. Halafu nikafika sehemu barabara inapinda, na chini nikaona ziwa Bunyonyi.

Sitaki kutia chumvi. Ninyi mnalijua ziwa letu la Nakivale: bapa, mafunjo pembeni, viboko ndani. Bunyonyi ni kitu kingine. Liko kati ya milima kama maji yaliyomwagwa kwenye viganja vya mikono. Lina visiwa 29, na milima yote kuzunguka imekatwa matuta ya mashamba kutoka maji mpaka kileleni. Wataalamu wanasema zamani lava ya volkano iliziba bonde, mto ukakosa njia, maji yakajaa. Jina lake maana yake ni mahali pa ndege wadogo wadogo, na kweli walikuwepo.

Nilikaa pale chini nikala karanga. Kilichoniuma ni kwamba nilishapita hapa. Miaka 16 nilikuwa nimepita kando ya maji haya, na nilichobaki nacho ni mfuko wa kutapikia. Nilitoa simu nikapiga picha moja, betri ikabaki kidogo, nikaizima.

Baada ya hapo barabara inashuka kuelekea Muko, kwenye mwisho wa ziwa. Hapo ndipo nilipofanya ujinga. Baada ya kusukuma muda wote ule nilitaka raha kidogo. Nikaachia. Upepo usoni, miguu haifanyi kazi, nikaanza kuimba. Kwenye kona ya tatu nikabana breki, nikasikia chuma kinasaga chuma. Raba za breki zilikuwa zimekwisha. Nikaweka mguu chini, kandambili ikachanika, kona ikaja, nikachagua mtaro. Kiganja cha kushoto kilichubuka chote, goti likavimba, usukani ukapinda. Mbele kidogo kulikuwa na korongo, sina haja ya kulieleza zaidi.

Mzee mmoja aliyekuwa anasukuma kinga yenye magunia mawili ya viazi alisimama. Hakunipa pole kwanza. Alisema, "Kijana wangu, milima hii haishukwi kwa raba za dukani." Aliufinyanga usukani kwa magoti yake mpaka ukanyooka. Kisha akatoa kipande cha tairi kuukuu, akakifunga kwa waya nyuma ya fremu, juu ya gurudumu la nyuma, kikiwa kinaning'inia. "Ukitaka kusimama, kanyaga hapa kwa kisigino."

Nilikitazama kile kipande nikashindwa kusema. Wengi wenu mnaijua chukudu, ile ya mbao ya kwetu Kivu, magurudumu mawili na mpini, ambayo pale Goma imesimamishiwa sanamu ya rangi ya dhahabu. Baba alikuwa mtu wa chukudu. Alikuwa anateremsha mkaa na kabichi kutoka Kibumba hadi Goma. Breki ya chukudu ni hiyo hiyo: kipande cha tairi juu ya gurudumu la nyuma, unakanyaga. Viatu vyake vililika upande mmoja tu. Mama alikuwa anamtania kwamba anaishiwa kiatu cha kulia kila mwezi na cha kushoto kila mwaka. Nilikuwa nimeshakisahau kabisa kitu hicho. Nikakikumbuka pale kwenye mtaro wa Muko, damu mkononi, mbele ya mtu nisiyemjua.

Mzee yule alinipeleka kwa mwenyekiti wa kijiji, LC1, nikaonyesha karatasi zangu. Hili nawashauri sana: ukifika kijiji usichokijua jioni, nenda kwa LC1 kwanza, usingoje watu waanze kukuuliza. Nililala kwenye ghala ya viazi. Waliniosha mkono kwa maji ya chumvi.

Siku ya tano nilipanda tena, polepole, goti likilalamika, mpaka msitu wa Echuya. Hapo uko zaidi ya mita 2,300, mianzi kila upande, ukungu unavuka barabara kama moshi wa jikoni. Nilikutana na vijana wa Kibatwa waliokuwa wamepumzika na mizigo ya kuni. Mmoja aliniuliza nimetoka wapi, nikasema kambini, mkimbizi. Akasema wazee wao walitolewa msituni mwaka 1991, Bwindi na Mgahinga zilipofanywa mbuga za taifa, na mpaka leo wengi hawana ardhi yao wenyewe. "Ninyi mna kadi," akaniambia. Hakusema kwa ubaya. Wao hawakuvuka mpaka wowote. Nimewaza maneno hayo mara nyingi tangu siku ile, hasa tunapolalamika kwenye foleni.

Kutoka Echuya unafika Kanaba. Ni kama mlango kwenye mlima. Unatoka upande mmoja hujaona kitu, hatua chache unaona kila kitu: bonde la Kisoro chini, upande wa kulia ziwa Mutanda na visiwa vyake, na mbele milima ya volkano imepangwa mstari mmoja. Muhabura, mita 4,127, umechongoka kama chungu kilichogeuzwa. Katikati Gahinga, mdogo. Na kulia Sabinyo na meno yake, ambapo Uganda, Rwanda na Kongo zinakutana kileleni.

Niliwasha simu nikampigia mama.

"Mama, niko Kanaba. Naiona Sabinyo."

Akakaa kimya kidogo. "Meno yake unayaona?"

"Nayaona."

"Jino refu liko upande gani?"

Nikamwambia. Akacheka kidogo, kicheko cha pua. "Basi unaitazama kwa mgongo. Kutoka kwetu haikai hivyo." Halafu akasema, "Shuka taratibu, baba," na simu ikakata. Sijui ni mtandao au ni yeye.

Mimi nilikuwa nimejiandaa kulia nikifika pale. Sikulia. Nilikasirika. Maisha yangu yote nimechora mlima ule kwenye daftari nikisema ni kwetu, na nilikuwa nimeshaisahau sura yake. Niliuchora nilivyousikia kwa mama tu.

Kisoro watu wanasema Kifumbira, na mimi nakielewa bila kusumbuka kwa sababu bibi yangu alikuwa anasema vilevile. Kwa siku nne nilikuwa mgeni wa ishara na Kiingereza cha kuvunja. Pale mama wa sokoni alinisalimia na nikamjibu kabla sijafikiri. Nilikaa siku mbili, nikiulizauliza kama mama alivyonituma. Niliongea na wanawake waliovuka na maharage, na vijana wanaobeba mizigo, na mwishoni mzee mmoja wa Jomba ambaye alimjua babu yangu kwa jina.

Mzee huyo alinieleza vizuri kuliko simu zote. Amerudi mara tatu. Mara mbili alikimbia tena kabla ya kuvuna. Shamba lipo, alisema, udongo haujaenda popote. Tatizo ni kwamba anayepanda hajui nani atavuna. Nikamuuliza kuhusu mama. Akaniuliza, "Anaweza kukimbia usiku?" Nikamwambia mgongo wake. "Basi umeshajijibu," akasema. "Mimi bado nina miguu. Siku miguu ikikataa, nitakaa upande huu."

Kabla ya kurudi nilienda hadi karibu na Bunagana. Hii ndiyo sehemu niliyosema. Kutoka pale unaona vilima vya upande wa pili, mashamba, mabati yanang'aa, moshi wa watu wanaopika. Nilisimama na mguu mmoja juu ya pedali. Mpango uliingia kichwani ukiwa umekamilika: niingie saa moja tu, nifike Jomba, nione, nirudi. Nilijua ukirudi kwenu kwa hiari yako, kadi yako ya ukimbizi inaanza kuulizwa maswali. Nilijua pia hakuna anayeweza kukuahidi hiyo saa moja. Lakini sikurudi nyuma kwa akili. Kanda ya ile raba ya breki ilikuwa imelegea, nikainama kuikaza, na nilipokuwa nimeinama nikamfikiria mama akiwa na watu wawili wa kuwangojea upande ule badala ya mmoja. Nikageuza kinga.

Kurudi sikupanda milima. Nasema ukweli ili msinifanye shujaa. Kutoka Kisoro hadi Mbarara nilipata lori la viazi, kinga juu ya magunia, mimi juu ya kinga. Kutoka Mbarara nikaendesha mwenyewe hadi nyumbani.

Nilimweleza mama yote, neno la mzee lile la miguu nikalisema mara mbili. Alisikiliza akimenya viazi nilivyoleta. Hakusema tunabaki wala tunaenda. Ila kesho yake zile nguo alizokuwa amekunja nikaziona zimerudi kwenye kamba. Mwaka ule tulikodi kipande cha shamba karibu na mafunjo, tukapanda maharage. Njaa haijaisha, sitawadanganya. Lakini tumevuna sisi wenyewe.

Nilimletea pia jiwe jeusi la volkano, lile jepesi lenye matundu. Nilifikiri ataliweka mahali pa heshima. Analitumia kusugulia visigino, kama walivyokuwa wanafanya kwetu.

Ninyi mnaofanya kazi na mashirika na mnasoma humu, nina neno dogo. Mara nyingi mnatuuliza tunataka kwenda wapi: kurudi, kubaki, au nchi ya tatu. Ni swali zuri, ila mnaliuliza kwa mtu ambaye kila safari yake amepelekwa. Mimi nilianza kuweza kulijibu baada ya kwenda kuangalia mwenyewe. Kama kuna namna ya kusaidia vijana na mama zao kufika mahali pa kuuliza na kurudi salama, hata kwa basi, ingesaidia kuliko semina nyingine.

Na ninyi wenye kinga: Muhabura, wazee wanasema, jina lake maana yake ni anayemrudisha njiani aliyepotea. Ukitaka kwenda kuuona, nitakueleza njia yote, kona kwa kona. Beba maji, beba barua, lala kwa LC1. Na kabla ya kushuka Muko, funga kipande cha tairi nyuma.